Tanga Linalosukumwa na Nuru

Mtu akitumwa safari ya miezi sita, tena akaambiwa abebe chakula chote kichwani, atashindwa mapema. Akiongeza chakula, mzigo nao unaongezeka. Ndiyo taabu ya roketi: mafuta mengi huteketea kwa kuyasukuma mafuta mengine.

Basi wataalamu wakauliza: Je, hakuna chombo kiwezacho kwenda kama jahazi, kikisukumwa na kitu cha nje? Kipo. Huko juu hakuna upepo, lakini nuru ya jua ipo, na nuru husukuma.

Labda msomaji utasema, “Mbona nikisimama juani sisukumwi?” Unasukumwa, ila kidogo mno hata husikii. James Clerk Maxwell aliyaonyesha hayo kwa hesabu mwaka 1873. Pyotr Lebedev, Mrusi, akaipima nguvu hiyo na kuitangaza mwaka 1901.

Tarehe 21 Mei 2010 Wajapani walirusha chombo kiitwacho IKAROS. Tanga lake lilikuwa la mraba, mita 14 kila upande, jembamba kuliko unywele. Nuru ililisukuma kwa nguvu iliyo kama uzito wa sehemu moja ya kumi ya gramu. Ni kidogo kweli. Lakini msukumo huo haukomi mchana wala usiku, wala hakuna hewa ya kuuzuia. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule chombo kikapita karibu na sayari ya Zuhura.

Wako wanaotazama mbali zaidi. Mwaka 2019 David Kipping, wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa shauri la kutumia shimo jeusi. Hilo ni kitu chenye uvutano mkubwa hata nuru iliyoingia ndani haitoki tena. Lakini nuru ipitayo kando yake yaweza kulizunguka na kurudi ilikotoka. Kama shimo lenyewe linakuja mbio, nuru hurudi na nguvu zaidi, kama mpira uliogonga lori linalokuja. Nguvu hiyo ya ziada ndiyo ingekisukuma chombo.

Shida ni kufika. Shimo jeusi la karibu tunalolijua, nuru yenyewe hulifikia kwa miaka zaidi ya 1,500. Kwa hiyo kwanza tutategemea tanga la jua. Haba na haba hujaza kibaba.