Jiko la Gesi Lina Kosa Gani?

Mwanzoni mwa Januari 2023, Richard Trumka Jr., mmoja wa makamishna wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za majumbani, aliliambia shirika la habari la Bloomberg kwamba jiko la gesi ni hatari iliyojificha, na kwamba bidhaa isiyoweza kufanywa salama inaweza kupigwa marufuku. Maneno hayo yalitosha kuwasha nchi nzima. Mbunge wa Texas, Ronny Jackson, aliandika Twitter kwamba wanaolitaka jiko lake watalitoa mikononi mwake akiwa maiti. Mwenyekiti wa tume hiyo, Alexander Hoehn-Saric, alijitokeza siku mbili baadaye kueleza kuwa hana mpango wowote wa marufuku, na Ikulu ikasema Rais Joe Biden naye haungi mkono jambo hilo. Haikusaidia. Juni mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kulilinda jiko la gesi, na siku Donald Trump alipoapishwa tena, Januari 20, 2025, moja ya amri alizotia saini ilitaja uhuru wa Mmarekani kuchagua jiko la gesi, sambamba na taa, mashine za kufulia na vyoo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayezifuatilia habari hizi ana haki ya kuchanganyikiwa. Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na mtungi wa gesi ndio uliobebeshwa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris, akiongoza pamoja na viongozi wengine mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ahadi za dola bilioni 2.2 zilitolewa. Sasa iweje kitu kinachoitwa safi Dodoma kiitwe sumu California?

Jibu linaanzia kwenye mwali wenyewe.

Gesi inapoungua, joto lake huwa kali kiasi cha kuziunganisha nitrojeni na oksijeni zilizomo hewani. Zao la muungano huo ni oksidi za nitrojeni, na inayosumbua zaidi ni nitrojeni dioksidi, gesi inayowasha njia za hewa na kuzidisha pumu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nitrojeni hiyo haitoki kwenye mtungi wala kwenye bomba. Inatoka kwenye hewa iliyomo jikoni. Ndiyo maana mwali wa bluu uliotulia, usio na harufu wala masizi, bado huizalisha, na ndiyo maana kununua gesi bora zaidi hakuiondoi. Mwali ukiwa wa manjano hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ni dalili kwamba gesi haiungui yote na kaboni monoksidi, ile inayoua watu usingizini, inaanza kujikusanya. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliongeza jina jingine kwenye orodha: walipopima majiko katika nyumba za California na Colorado, walikuta yanatoa benzeni, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Nitrojeni dioksidi hiyo ni kiasi gani? Mwaka 2023 shirika la WE ACT la New York lilitoa matokeo ya jaribio dogo lililofanyika Bronx, katika nyumba za umma zenye majiko madogo yasiyo na feni za maana. Familia 20 zilishiriki, na nusu yao walibadilishiwa jiko la gesi wakapewa la umeme la aina ya indaksheni, ambalo hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Walipopika chakula kilekile, hewa ya jikoni kwenye nyumba za gesi ilifikia wastani wa sehemu 197 za nitrojeni dioksidi kwa kila bilioni. Kwenye nyumba za umeme ilikuwa 14. Kiwango cha juu cha saa moja ambacho mamlaka ya mazingira ya Marekani inakiruhusu kwa hewa ya nje, barabarani kwenye moshi wa magari, ni 100.

Hapo ushahidi ni mzito. Unakuwa mwepesi unapoulizwa ni watoto wangapi wanaougua kwa sababu ya gesi hiyo. Mwaka 2013 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba watoto wanaoishi kwenye nyumba zinazopikia gesi wana uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 42, wa kuwa na pumu. Desemba 2022 watafiti wengine waliichukua hesabu hiyo, wakaioanisha na idadi ya nyumba zenye majiko ya gesi, na kuhitimisha kwamba asilimia 12.7 ya pumu ya watoto Marekani inatokana na majiko hayo. Namba hiyo ndiyo iliyozagaa magazetini wiki chache kabla ya Trumka kuzungumza. Inafaa isomwe kwa uangalifu. Hakuna aliyehesabu watoto hospitalini; ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio, na baadhi ya waandishi wake walikuwa wakifanya kazi RMI, taasisi inayopigania majengo ya umeme mtupu.

Mwaka huohuo wa 2013 ulitoka utafiti mwingine ambao wapinzani wa marufuku wanaupenda sana. Ulihusu watoto zaidi ya 500,000 katika nchi 47, na haukuona uhusiano kati ya kupikia gesi na pumu. Wanaounukuu mara nyingi huachia hapo. Hawaendelei na sehemu ya pili ya matokeo yake: moto wa wazi ndani ya nyumba ulihusishwa na pumu na dalili zake.

Afya, hata hivyo, ni nusu tu ya kesi. Gesi inayofika nyumba za Marekani kwa bomba ni gesi asilia, ambayo karibu yote ni methani, na methani ikivuja bila kuungua hupasha angahewa zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 20. Mwaka 2022 Eric Lebel na Rob Jackson wa Stanford na wenzao walichapisha vipimo vya nyumba 53 za California. Zaidi ya robo tatu ya methani waliyoikuta ilivuja majiko yakiwa yamezimwa, kupitia viungo na vali zilizolegea kidogo. Walikadiria kwamba uvujaji wa majiko yote ya Marekani una madhara kwa hali ya hewa yanayolingana na hewa ukaa ya magari 500,000 kwa mwaka.

Ajabu ni kwamba kupika hutumia sehemu ndogo mno ya gesi ya nyumbani Marekani, takriban asilimia 3. Iliyobaki karibu yote hupasha nyumba joto na maji ya kuogea. Lakini hakuna anayelipenda tangi lake la maji ya moto. Jiko ndilo linaloonekana, ndilo lenye mwali unaopandishwa na kushushwa kwa kidole, na mwenye nyumba anayeshikilia jiko hushikilia na bomba lote. Kampuni za gesi zinalijua hili, na wanaharakati wa mazingira pia wanalijua. Ugomvi wa jiko ni ugomvi wa bomba.

Sheria zilizopitishwa zinathibitisha hivyo. Berkeley, California, ulikuwa mji wa kwanza Marekani kuchukua hatua, Julai 2019, na haukumnyang'anya mtu jiko lake: ulizuia mabomba ya gesi kwenye majengo mapya. Chama cha wenye migahawa cha California kilikwenda mahakamani, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ilikipa ushindi, ikisema sheria ya nishati ya taifa ya mwaka 1975 hairuhusu mji kuingilia eneo hilo. Mwaka uliofuata Berkeley ilikubali kuifuta sheria yake. Jimbo la New York nalo lilipitisha Mei 2023 sheria ya majengo mapya ya umeme, nayo ikafuatwa na kesi. Katika jimbo la Victoria, Australia, nyumba mpya zinazohitaji kibali cha mipango haziunganishiwi gesi tangu Januari 1, 2024.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi ina sababu ambayo haihusu pumu hata kidogo. Uholanzi iligundua gesi nyingi Slochteren, mkoani Groningen, mwaka 1959, na ndani ya muda mfupi karibu kila nyumba nchini ilikuwa na bomba. Kuitoa gesi hiyo kulifanya miamba ya chini ibonyee, ardhi ikaanza kutikisika. Agosti 16, 2012, kijiji cha Huizinge kilipigwa na tetemeko la kipimo cha 3.6, na maelfu ya nyumba za mkoa huo zimepata nyufa kwa miaka mingi. Tangu Julai 2018 nyumba mpya Uholanzi haziunganishiwi gesi, na Oktoba 2023 uchimbaji wa Groningen ulisimamishwa. Waholanzi walianza kuyaacha mabomba kwa sababu kuta zao zilikuwa zinapasuka. Ni ushahidi ambao hauhitaji mtakwimu.

Tukirudi kwenye mtungi, tofauti ya kwanza ni kwamba gesi ya mitungi ya Afrika Mashariki si methani. Ni propani na butani, zao la mafuta na gesi lililogandamizwa likawa kimiminika. Hoja ya Stanford kuhusu methani inayovuja jikoni, basi, haiugusi mtungi wa Manzese, Dar es Salaam. Hoja ya nitrojeni dioksidi inaugusa kikamilifu, kwa kuwa hewa ni ileile. Huko Puno, Peru, wanawake waliohamishwa kutoka moto wa samadi na kuni hadi gesi ya mitungi walipimwa hewa za majiko yao: nitrojeni dioksidi ilishuka sana, lakini majiko mengi yaliendelea kuvuka kiwango cha saa moja cha Shirika la Afya Duniani.

Sentensi hiyo ina pande mbili, na zote ni kweli. Ilishuka sana, kwa sababu kilichokuwepo kabla kilikuwa kibaya zaidi. Shirika hilo linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Katika jaribio kubwa lililofanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru, wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa makundi mawili. Waliobaki na kuni na nishati kama hizo walivuta chembechembe laini za moshi mikrogramu 70.7 kwa kila mita ya ujazo. Waliopewa jiko na gesi bila malipo walivuta 23.9. Hayo ni mabadiliko makubwa ya hewa. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa kuanzia 2022 yaliwasikitisha wengi: uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana, na nimonia kali haikupungua. Matokeo hayo si sababu ya kurudi kwenye kuni, kwa kuwa mapafu na moyo wa mama anayekohoa miaka 30 mbele ya mafiga ni suala pana kuliko uzito wa mtoto mmoja. Ni sababu ya kuacha kuiahidi gesi miujiza.

Kwa hiyo anayetoka kwenye mkaa akaingia kwenye gesi amepiga hatua ya kweli, na hapaswi kutishwa na kelele za Washington. Anachopaswa kuambiwa, na ambacho kampeni za mitungi hazikisemi vya kutosha, ni habari ya hewa. Fleti nyingi mpya za mijini zina majiko yenye kidirisha kimoja kidogo. Feni inayotoa hewa nje hupunguza gesi hizi kwa kiasi kikubwa. Ile inayonyonya moshi na kuurudisha chumbani kupitia kichujio haiwezi kuiondoa nitrojeni dioksidi ipasavyo. Na kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inapovuja hutuama sakafuni, kwa hiyo tundu la hewa linalofaa ni la chini, karibu na miguu. Kukaanga kuna moshi wake pia, hata kwenye umeme. Dirisha halina mbadala.

Umeme ndio unaoifanya mada hii iwe ya Tanzania na Kenya, na hapo mwenendo unatia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya umeme ya Kenya ina kampeni yake ya Pika na Power. Jiko la umeme la presha huivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu uniti au pungufu, ambayo kwa bei ya kawaida ya Tanzania haizidi shilingi 200. Mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo kwa saa mbili au tatu haupatikani kwa bei hiyo Dar es Salaam. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeipa nchi umeme ambao unahitaji watumiaji.

Kinachokwaza ni bei yenyewe inavyopangwa. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akivuka hapo, bei hupanda hadi karibu shilingi 300 au zaidi. Familia inayopikia umeme kila kitu hutumia uniti moja hadi mbili kwa siku kwa kupika tu. Ongeza taa, televisheni na friji, na 75 zimekwisha kabla ya mwezi kwisha. Anayeitikia wito wa nishati safi ndiye anayeondolewa kwenye bei ya unafuu, na hilo ni jambo ambalo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, na Wizara ya Nishati zinaweza kulirekebisha kwa kuiangalia upya hesabu ya uniti.

Wakati huohuo TPDC, shirika la mafuta la taifa, imekuwa ikiunganisha gesi asilia kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Wanaopata huduma hiyo wanaifurahia, na kwa haki: hakuna mtungi wa kubeba. Bomba linalozikwa leo, hata hivyo, hukaa ardhini miongo mingi, na gesi inayopita ndani yake ni methani ileile ya California. Nyumba zilizounganishwa bado ni chache. Kabla ya kupeleka bomba mtaa mwingine, gharama yake ipigwe kando ya gharama ya kuuongezea mtaa huohuo transfoma na majiko ya presha, na hesabu hiyo iwekwe hadharani.