Niobiamu ya Mrima ina kazi gani?

Hapa Shimoni, ukitaja Mrima barazani, maneno hayaishi. Msitu wa kaya, mabilioni ya madini, leseni ya Cortec iliyofutwa 2013, kesi ambayo kampuni ilishindwa 2018. Lakini uliza niobiamu yenyewe ni ya nini, baraza hunyamaza.

Nyingi huchanganywa na chuma kiwe imara. Kazi yake nyingine ndiyo iliyonistaajabisha. Eksirei hukwama kwenye madini ya risasi. Nyutroni ni kinyume: hupenya risasi na chuma, zikazuiwa na maji na mafuta. Kwa hiyo waweza kuyaona mafuta ndani ya injini bila kuifungua.

Shida ni kuzinasa, maana hazina chaji ya umeme. Kule Japani, katika kituo cha J-PARC, watafiti wametumia nyaya nyembamba za niobiamu pamoja na tabaka la boroni. Nyutroni ikiipiga boroni, hutoka chembe zinazogonga waya. Waya wenyewe umewekwa kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 263 chini ya sufuri, ambapo niobiamu hupitisha umeme bila kizuizi. Mguso mdogo tu huzua mawimbi ya umeme yanayokimbilia ncha mbili. Wakipima yamefika lini kila ncha, wanajua nyutroni iliangukia wapi, kwa kipimo kilicho chembamba kuliko unywele.

Kifaa hicho hula niobiamu kidogo mno. Msidanganywe kuwa ndicho kitakachoitajirisha Kwale. Ila mzee wa Kidigo anayeombwa kaya yake ana haki ya kuelezwa haya kwanza. Mikutano niliyokaa mimi ilianzia kwenye pesa.