Nimeolewa na Msanifu Majengo Asiyeacha Kucheza

Mashosti zangu wa benki waliponiona na pete walisema nimeula. "Umepata msanifu majengo? Shoga, hiyo ni ghorofa Mbezi Beach!" Nikacheka nao. Leo ni mwaka wa nne wa ndoa, na ghorofa pekee niliyonayo ni ya maboksi, ipo juu ya kabati la vyombo, na ngazi zake ni vijiti vya mishikaki.

Msomaji wangu, mume wangu anacheza. Ofisini anachora wanachotaka wateja, maghala na fremu za maduka. Akirudi kwetu Sinza ndipo anafanya anachopenda yeye. Alinitengenezea meza ya kulia inayokunjwa ukutani, maana sebule yetu ukiweka sofa na friji, basi. Siku mama mkwe alipotutembelea meza ikajikunja yenyewe, ugali wote mapajani mwake. Mama wa watu akajifuta, akasema, "Mwanangu, si ungenunua tu stuli?"

Dalili nilizipata mapema. Mtoko wetu wa kwanza alinipeleka Soko la Kariakoo. Nikajua tunapitia nyanya. Kumbe kanileta kuangalia paa! Akanionyesha ile miamvuli ya zege iliyopinduliwa juu chini, akasema ni kazi ya Beda Amuli, soko lilifunguliwa mwaka 1975, na miamvuli ile inakinga maji ya mvua. "Mtu kapewa kazi ya soko, akacheza na mvua!" Macho yanamng'aa. Mimi nimevaa kisigino, nimezama kwenye tope. Lakini nilimpenda hapo hapo, sidanganyi. Soko lilipoungua Julai 2021, alikaa nje mpaka usiku, hakula.

Kasheshe ilianza mwaka jana. Tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja Madale, akaunti ya pamoja. Siku moja naangalia salio, laki tisa hazipo. Kumuuliza, eti amejenga baraza. Baraza la nani? Kumbe wale mafundi niliowapita wiki nzima kwenye kona ya kichochoro chetu, nikidhani ni kazi ya serikali ya mtaa, wanajenga kwa hela yangu! Viti vya zege vilivyopambwa vipande vya marumaru alivyookota saiti, na katikati meza yenye mashimo 32 ya bao.

"Babu zetu wa pwani walijenga baraza nje ya nyumba zao," akaanza.

"Babu zetu walikuwa na nyumba kwanza!"

Nilinuna siku tano. Chakula nilimpa, salamu sikumpa.

Sasa kile kichochoro. Natoka Posta saa mbili usiku, mwendokasi mpaka Shekilango, halafu bajaji, ambayo huku ndani haiingii. Zinabaki kama hatua mia mbili za giza. Mwaka juzi walinikwapua mkoba hapo, na tangu siku ile nilikuwa nafika mlangoni nimelowa jasho, funguo mkononi.

Usiku wa tano wa kununa kwangu, nashuka, naona taa ya sola. Wazee wawili wanacheza bao, vijana wa bodaboda wamewazunguka wanabishana, na mama wa chapati kahamishia jiko lake pale. "Shem, leo umechelewa!" Nikatembea taratibu mpaka nyumbani.

Nilimkuta anakata maboksi.

"Kwa nini hukuniambia ni kwa ajili ya ule mkoba?"

"Ulikuwa huongei na mimi."

Hapo nilicheka. Lakini hela ya wawili inaombwa, haichotwi kimyakimya. Nilimwambia usiku ule ule na narudia hapa, maana kuna watakaosoma wakadhani nimelainika. Siku hizi akaunti haitoi kitu bila sahihi mbili, na deni analipa kidogo kidogo. Zimebaki laki tatu na nusu. Jumamosi huwa naenda kukaa pale kona. Kuna babu ananifundisha bao, ananifunga kila siku.

Kiwanja tunalipia Desemba. Ramani keshachora: vyumba vitatu, jiko kubwa kama nilivyoomba, chumba chetu juu. Na kutoka dirishani kwetu mpaka bustanini kaweka mtelezo, kama ule wa chekechea. Nikamuuliza ni wa nani, na mtoto hatuna.

"Wetu," anasema.

Hiyo ramani bado sijaipitisha.