Kipozeo Hupigiwa Hesabu Kuanzia Chumbani

Februari, Dar es Salaam, saa tisa alasiri: chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 33 bila taabu. Ndani ya kasha la kompyuta lililosukumwa chini ya meza, joto huzidi hapo. Hewa hiyohiyo ndiyo inayovutwa na feni kupoza prosesa, na hakuna feni, iwe ya bei gani, inayoishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoipulizia. Mtu wa London anayejisifu kwamba yake haipiti 65 amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Lete mashine yake Temeke, itasoma 78 au zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kuisukuma prosesa kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani, anza na kipimajoto cha chumba, halafu kalamu na karatasi. Dukani ni baadaye.

Chukua Core i5-2500K ya mwaka 2011, kipenzi cha wacheza gemu. Herufi K ndiyo inayoruhusu kupandisha kasi kwa uhuru. Ukiikuta isiyo na K ndani ya mashine iliyotupwa na ofisi, usijisumbue. Kiwanda kiliipa gigahezi 3.3 na kuikadiria wati 95. Tuseme inatumia volti 1.2, nawe unaitaka ifike gigahezi 4.5, jambo ambalo mara nyingi hudai volti kama 1.35. Joto hupanda sambamba na kasi, ila kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Zidisha 95 kwa 4.5 gawanya kwa 3.3, kisha zidisha kwa 1.35 gawanya kwa 1.2, mara mbili. Unapata wati 164 hivi. Kasi imeongezeka kwa asilimia 36, joto kwa asilimia 73! Ni makadirio, kwa kuwa zile wati 95 zenyewe ni za kupangia tu, lakini yanatosha kukuepusha na hasara.

Sasa kipozeo. Ubora wake hupimwa kwa nyuzi zinazopanda kwa kila wati moja. Kidogo cha alumini huenda kikawa 0.4; mnara mzuri wa mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, tuseme 0.25. Kwa wati 164, kile kidogo kinapandisha nyuzi 66 juu ya hewa ya kasha. Hewa hiyo ikiwa 40, umefika 106, na prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe inapokaribia 100. Yaani umelipia kasi usiyoipata. Mnara unakuacha kwenye 81.

Wengi hapo hukimbilia kipozeo cha maji, wakidhani maji yana ubaridi wake. Hayana. Yanabeba joto tu hadi kwenye rejeta, na rejeta nayo inapozwa na hewa ileile ya nyuzi 33. Faida yake ni eneo kubwa la kutolea joto, basi.

Mimi ningeteremka. Kwa gigahezi 4.2 na volti 1.25, joto ni wati 131: umepoteza asilimia 7 ya kasi, umeokoa asilimia 20 ya joto, na mnara uleule unasoma 73. LUKU nayo itashukuru.

Acha pia akiba kwa ajili ya vumbi. Baada ya miezi michache mapezi ya kipozeo huvaa blanketi la kijivu, na namba zote hapo juu zinaharibika. Pesti ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mbaazi, ibadilishwe kila unapokifungua kipozeo.

Ukimaliza, ipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa huku ukiangalia joto lake. Usiipime usiku wa Julai. Ipime Februari, saa tisa alasiri, madirisha yakiwa kama unavyoyaacha siku zote.