Ayie Haifungi Dhima ya Baba

Swali lile lile limeletwa tena mezani pangu, safari hii na mchuuzi wa omena wa Dunga, Kisumu, mwenye mimba ya miezi sita: je, mwanamume asiyempelekea mama mkwe ayie, wala kutia mguu nyumbani kwao, aweza kudaiwa masurufu ya mtoto? Aweza. Wanaouliza hawana taksiri. Walionichosha ni wale wanaoendelea kuwajibu kwamba haiwezekani.

Ayie ni ada ya heshima baina ya aila mbili, na katika ndoa ya Kijaluo ina uzito wake ambao sina nia ya kuupunguza. Lakini mtoto hakuwamo katika mapatano hayo, wala haki yake haikuwekwa rehani kwayo. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yasema bayana kwamba wajibu wa kumkimu mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaukariri msingi huo huo.

Itikadi hii ya kwamba asiyeoa hadaiwi ina asili yake. Sheria ya 1959, iliyompa mwanamke asiyeolewa njia ya kumshtaki baba wa mtoto wake adai matunzo, ilifutwa na Bunge mwaka 1969, na kwa miaka zaidi ya thelathini mwanamke huyo akawa hana pa kushika; hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilipokuja, ilimtwika yeye dhima kwanza, baba asiyemwoa akasimama pembeni. Basi mzee aliyejifunza mambo katika zama hizo humfunza mjukuu hukumu iliyokwisha kufa, na binti, kwa kumstahi mzee, hunyamaza, akauza leso zake apate nauli ya kliniki, ilhali aliyempa mimba yuko ufuoni anavua kama kawaida. Jambo hili laniudhi mno, maana Katiba hiyo tunayo tangu 2010!

Kuhusu gharama za mimba yenyewe, jimbo la Utah, Marekani, liliamuru mwaka 2021 kwamba baba alipe nusu ya gharama za matibabu ya mimba. Sheria yetu haikutaja fungu kama hilo, na Bunge lafaa kulitaja.

Kwa sasa, hifadhi kijitabu cha kliniki, risiti zote, ujumbe wa simu na kumbukumbu za M-Pesa. Baba akikiri, mwandikiane. Akikana, mtoto akishazaliwa mahakama yaweza kuamuru kipimo cha DNA. Akidai hana mshahara, hakimu hutazama mali na uwezo wake wa kuchuma, na mtumbwi, injini na nyavu ni mali. Chifu aweza kuwasuluhisha, ila neno lake si amri ya mahakama. Kesi hufunguliwa katika Mahakama ya Watoto, na asiye na wakili aende ofisi ya FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, iliyopo Kisumu, asingoje uchungu umshike.