Je, Wajua? Harufu Mbaya Hupimwa kwa Pua za Watu
Huko Ulaya, harufu ya banda la nguruwe au kiwanda cha mboji haipimwi kwa mashine peke yake. Mashine hutambua gesi mojamoja, lakini kero huhisiwa na binadamu. Hewa hukusanywa katika mifuko maalumu, hupelekwa maabara, huzimuliwa kwa hewa safi, kisha wanusaji huinusa. Kila mnusaji hujaribiwa kwanza kwa kemikali iitwayo butanoli. Pua kali mno hukataliwa sawa na pua butu, maana inayotafutwa ni pua ya mtu wa kawaida! Nusu saa kabla ya kazi hawali wala hawavuti sigara, na manukato ni marufuku. Hewa ikizimuliwa mara 500 ndipo nusu yao tu waihisi, basi ina vipimo 500 vya harufu.

Tarakimu hizo na kumbukumbu za upepo huingizwa kwenye programu ya kompyuta inayokadiria harufu itafika nyumba zipi, na kwa saa ngapi. Ujerumani imeweka kikomo: kwenye makazi, harufu isizidi asilimia 10 ya saa za mwaka, kwenye viwanda, 15. Wakazi walipohojiwa, ilibainika kwamba ng'ombe huwakera kidogo kuliko kuku. Kwa hiyo saa za harufu ya kuku wa nyama huzidishwa kwa 1.5, za ng'ombe wa maziwa kwa 0.5. Tena, katika kikomo hicho, saa huhesabiwa kuwa ya harufu hata ikinuka kwa dakika 6 tu.