Kugongana na Kuchajiana: Istilahi ya Umeme wa Chembe za Vihami

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza jinsi chembe ndogo za vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme kwa urahisi, zinavyopata chaji kwa kugongana, na kupima iwapo istilahi zetu zinalieleza jambo hilo kwa usahihi. Suala hili si la wanafizikia peke yao. Mwanafunzi wa Kiloleli, mkoani Simiyu, husoma katika shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Dhana aliyoijenga kwa neno la awali ndiyo anayokwenda nayo. Neno likipotosha, dhana nayo hupotoka.

2.0 Mazingira ya Tukio

Simiyu ni mkoa wa pamba. Kiangazi ardhi hukauka, na kisulisuli huinua vumbi na mchanga mashambani. Punje hizo hugongana mara nyingi mno. Vipimo vilivyofanywa katika visulisuli vya jangwani nchini Marekani vimeonyesha uga wa umeme wa maelfu ya volti kwa kila mita. Vivyo hivyo, katika mawingu ya Ziwa Viktoria vipande vya barafu vya ukubwa tofauti hugongana, chaji hutengana, na hatimaye radi hupiga.

3.0 Namna Chaji Inavyopatikana

Vitu viwili tofauti vinapogusana na kuachana, kimoja huondoka na chaji chanya na kingine hasi. Kwa vihami, wataalamu wangali wanajadili kama kinachohama ni elektroni, ioni au vipande vidogo vya kitu chenyewe. Ugumu huzidi punje zinapokuwa za kitu kimoja, kama mchanga kwa mchanga. Kwa nini moja ipate na nyingine ikose?

Jibu la kwanza linahusu ukubwa. Mara nyingi, ingawa si daima, punje ndogo huwa hasi na kubwa huwa chanya. Upepo unapozipeleka ndogo juu zaidi, chaji hutengana.

Jibu la pili lilitolewa mwaka 2010 na Pähtz, Herrmann na Shinbrot. Ikiwa tayari upo uga wa umeme, kila punje hugawanyika: upande wa juu huwa na chaji ya aina moja, wa chini aina ya pili. Punje mbili zinapogongana, moja ikiwa juu ya nyingine, pande zinazogusana huwa na chaji zinazopingana, nazo hufutana. Zikiachana, ya juu hubaki na chaji ya upande wake wa juu, na ya chini hubaki na ya upande wake wa chini. Uga huzigawanya upya, na mgongano unaofuata huongeza chaji. Hewa kavu husaidia, kwani kwa kawaida utando wa unyevu huvujisha chaji.

4.0 Tatizo la Istilahi

Istilahi "umeme wa msuguano" hutaja namna moja tu ya kugusana. Kusugua huongeza eneo la mguso, lakini mguso na mwachano peke yake hutosha.

Tukitazama kitenzi, tuna njia tatu. "Kuchajiwa" hudai mtendaji wa nje, kama betri inavyochajiwa. "Kuchajika" hutaja hali na kunyamazia chanzo. "Kuchajiana" huonyesha kwamba punje mbili zisizo na chaji hupeana chaji, na jumla yake hubaki sifuri.

Huenda ikadaiwa kwamba kiambishi -an- hudai usawa, ilhali hapa moja huwa chanya na nyingine hasi. Hoja hii haina uzito: katika "kupokezana" mmoja hutoa na mwingine hupokea, na hakuna anayelikataa neno hilo. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba -an- huuficha uga wa nje. Dosari hiyo itibiwe katika fasili, si katika neno.

5.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ilionyesha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Kazi iliyobaki ni kuyapima maneno kwa matukio yenyewe. Tunapendekeza "kuchajiana kwa mgongano" kwa tukio lililojadiliwa hapa, na "msuguano" ubakizwe pale tu ambapo vitu vinasuguana kweli. Mnyambuliko wa kitenzi, ambao mwanafunzi anao tayari kinywani, utamfundisha nusu ya fizikia hiyo kabla hajafungua kitabu.